Maswali ya Kila Siku Kuhusu Zana za Kuvulia Kambare

Kambare yupo karibu katika kila maji baridi ya Tanzania: Ziwa Victoria, Ziwa Rukwa, mabwawa ya Mtera na Nyumba ya Mungu, mito, na hata madimbwi yanayobaki mabondeni baada ya mafuriko. Ndiyo maana watu wengi huanza uvuvi kwake, wakiwa na uzi, ndoano na chambo walichochimba nyuma ya nyumba. Maelezo haya yanajibu maswali ambayo wavuvi wadogo, vijana na wanaovua kwa ajili ya kitoweo huuliza mara kwa mara. Lengo ni kumsaidia msomaji achague zana inayoendana na tabia ya kambare, inayokubalika kisheria, na itakayomrudisha nyumbani salama.

KUMJUA KAMBARE

Kambare tunayemzungumzia hapa ni yupi?
Ni kambare wa kawaida wa Afrika, mwenye ngozi laini isiyo na magamba, kichwa kipana kilicho bapa na masharubu manane kuzunguka mdomo. Mbofu na gogogo ni jamaa zake, nao hunaswa kwa ndoano, ila makazi na ukubwa wao ni tofauti. Ushauri ulio hapa unamlenga kambare wa kawaida.

Kwa nini zana inayonasa sato vizuri haimnasi kambare?
Kambare hula zaidi usiku, na chakula chake kingi hukitafuta chini, kwenye tope na majani yaliyooza. Macho yake ni madogo, hivyo hutegemea masharubu na uwezo wake wa kunusa. Mtego wake unatakiwa kufika chini, kutulia hapo, na kuwa na chambo chenye harufu.

Nimtafute wapi na saa ngapi?
Tega kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, kwenye maji ya kina kifupi karibu na matete, mdomo wa kijito, au mahali maji yanapoingilia bwawani. Mvua kubwa zinapoanza, kambare hupanda kwenye mabonde yaliyofurika ili kutaga mayai, na huonekana kwa wingi. Huo ndio msimu wa kuzaliana, kwa hiyo usizibe njia yao wala usivue kupita mahitaji yako.

KUCHAGUA ZANA

Mimi ni mgeni katika uvuvi. Nianze na zana gani?
Anza na mshipi mmoja wenye ndoano moja na chubwi, yaani kipande kizito kinachozamisha uzi. Gharama yake ni ndogo, hauhitaji mtumbwi, na samaki mdogo unaweza kumwachia akiwa hai. Ukishauzoea, utaweza kufikiria zana zenye ndoano nyingi.

Mtego wa chini unafungwaje?
Pitisha uzi kwenye chubwi lenye tundu, kisha funga chini yake kiungo kidogo cha chuma au ushanga mgumu ili chubwi lisiteremke hadi kwenye ndoano. Baada ya kiungo hicho, funga kipande cha uzi mnene chenye urefu wa sentimita 30 hadi 50, na mwisho wake uweke ndoano. Kwa kuwa chubwi linateleza kwenye uzi, kambare akivuta chambo hahisi uzito mara moja, hivyo hupata muda wa kukimeza badala ya kukitema.

Chubwi liwe na uzito gani?
Liwe zito kiasi cha kushikilia chini, si zaidi ya hapo. Kwenye bwawa lililotulia chubwi jepesi linatosha. Kwenye mto unaokwenda kasi tumia zito zaidi lenye umbo bapa, kwa sababu la mviringo hubingirika na maji. Wasio na chubwi la dukani hutumia nati ya chuma au plagi mbovu ya pikipiki, na hufanya kazi bila tatizo.

Ni lini nitumie boya?
Boya, yaani kielea kinachobaki juu ya maji, linafaa pale ambapo chini kuna tope jingi, visiki au magugu yanayomeza ndoano. Pima kina kwanza, kisha sogeza boya kwenye uzi hadi chambo kikaribie kugusa chini bila kuzama kwenye tope. Kipande cha ndala kuukuu kilichokatwa ukubwa wa kiberiti kinatosha kuwa boya, na usiku unaweza kukifunga kitambaa cheupe ili ukione kwa mwanga wa tochi.

Namba za ndoano zinasomwaje?
Kwa ndoano zenye namba moja tu, namba ikiwa kubwa ndoano huwa ndogo: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Zile zenye alama ya mkwaju na sifuri huenda kinyume, kwa hiyo 4/0 ni kubwa kuliko 1/0. Kwa kambare wa kilo moja hadi tatu, ndoano za kati ya 1/0 na 4/0 zinatosha. Ndogo sana humezwa hadi tumboni na huwanasa pia samaki wachanga.

Ndoano ya duara ina faida gani?
Ni ndoano ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, tofauti na ile ya kawaida yenye umbo la herufi J. Mara nyingi hushika pembeni mwa mdomo, hivyo ni rahisi kuitoa na kumrudisha majini samaki usiyemtaka. Ukiitumia usivute kwa ghafla. Kaza uzi polepole, na samaki atajinasa mwenyewe anapogeuka kuondoka.

Kwa nini uzi wangu hukatika karibu na ndoano?
Ndani ya mdomo wa kambare kuna meno madogo mengi yanayokwaruza kama msasa, na hula uzi mwembamba taratibu. Tumia uzi wenye uwezo wa kubeba takriban kilo 10 hadi 15, na kile kipande cha mwisho kiwe kinene zaidi. Kila baada ya samaki, kipitishe katikati ya vidole. Ukihisi mikwaruzo, kata sehemu hiyo na ufunge upya. Lowesha fundo kwa maji kabla ya kulikaza, kwa sababu nailoni ikisuguana ikiwa kavu hupata joto na kudhoofika.

Migonzo ni nini, na inafaa wakati gani?
Migonzo ni kamba ndefu iliyofungiwa nyuzi fupi nyingi, kila moja ikiwa na ndoano yake, huku miisho yote miwili ikishikiliwa na mawe na kuonyeshwa kwa maboya. Hutegwa jioni na kuinuliwa alfajiri, na huwafaa wenye mtumbwi wanaovua kwa ajili ya biashara. Weka alama yako kwenye maboya, usitege kwenye njia ya vyombo, na usiache migonzo majini kutwa nzima, kwa kuwa samaki watakufa na kuoza wakiwa kwenye ndoano.

Na migono?
Mgono ni mtego wa kusuka kwa fito au mianzi, wenye mdomo unaoruhusu samaki kuingia lakini si kutoka. Hufaa kwenye vijito na mifereji ya mabondeni, wala hauhitaji mvuvi kukesha. Acha sehemu ya mkondo ikiwa wazi ili kambare wengine wapande kutaga mayai, na uondoe migono yako maji yanapopungua.

CHAMBO

Chambo gani kinamfaa kambare?
Nyungunyungu, vipande vya samaki, dagaa na utumbo wa kuku vyote hufanya kazi, kwa kuwa kambare hula karibu kila kitu chenye asili ya nyama. Chambo kifunike sehemu kubwa ya ndoano lakini ncha ibaki wazi, la sivyo haitashika. Kibadilishe kila kinapopoteza harufu, hata kama hakijaguswa.

Je, ni kweli kambare hunaswa kwa sabuni?
Ni kweli. Wavuvi wa maeneo mbalimbali barani Afrika hukata vipande vidogo vya sabuni ya mche na kuvitia kwenye ndoano, kwa sababu sabuni hiyo hutokana na mafuta na harufu yake husambaa polepole majini. Kipande kidogo kinatosha, na sabuni ya unga isitumike kabisa, kwani huchafua maji bila kukaa kwenye ndoano.

Kwa nini wavuvi wa sangara hununua vifaranga vya kambare?
Kambare mchanga ana uwezo wa kuishi muda mrefu akiwa kwenye ndoano, na sangara huvutiwa na chambo kinachocheza. Ukihitaji vifaranga, nunua kwa wafugaji wenye vituo vya kutotolesha samaki. Kuvizoa kwa nyavu za matundu madogo kwenye mazalia humaliza kambare wa kesho, na nyavu hizo zinaweza kukuingiza kwenye kosa la jinai.

SHERIA NA HAKI ZAKO

Je, nahitaji leseni?
Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, na anayevua kwa biashara anatakiwa kuwa na leseni. Anza kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri yako, au kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wananchi kinachosimamia rasilimali za uvuvi katika mwalo wenu. Hata kama unavua kitoweo tu, waulize masharti ya eneo hilo kabla ya kutega.

Nitajuaje kwamba malipo yangu ni halali?
Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo unayopewa na ofisi husika, kupitia benki au simu, na baada ya kulipa unapaswa kupata stakabadhi. Usimkabidhi mtu fedha taslimu mkononi kwa ahadi kwamba leseni itakuja baadaye. Ukiombwa rushwa, unaweza kutoa taarifa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113.

Zana zipi zimekatazwa?
Katika Ziwa Victoria, zilizokatazwa ni pamoja na kokoro, yaani wavu wa kukokota hadi ufukweni, nyavu za timba, na nyavu zenye matundu madogo kuliko yanayoruhusiwa. Sumu na baruti zimekatazwa katika maji yote. Kabla ya kununua wavu wowote, muulize Afisa Uvuvi ukubwa wa matundu unaoruhusiwa, kwa sababu hutofautiana kulingana na samaki na ziwa, na kanuni hurekebishwa mara kwa mara.

Timba imekatazwa. Je, mshipi wangu wa nailoni nao ni kosa?
Wasiwasi huu ni wa kawaida, kwa sababu uzi unaosukiwa timba hufanana na uzi wa mshipi. Katazo linahusu nyavu zilizosukwa kwa uzi huo mmoja usiosokotwa, ambazo zikipotea majini huendelea kuua samaki kwa muda mrefu. Mshipi wa ndoano si wavu. Hata hivyo, usitupe mabaki yake ufukweni, kwani ndege na watoto hunasa miguu.

Nikikamatwa na zana zangu zikachukuliwa, nina haki gani?
Una haki ya kumwomba ofisa ajitambulishe, akueleze kosa, na akupe stakabadhi inayoorodhesha kila kitu alichochukua. Soma kabla ya kutia saini; kama hujui kusoma, omba usomewe mbele ya shahidi. Usishindane kwa nguvu wala kukimbia kwa mtumbwi: malalamiko yapeleke ofisi ya uvuvi ya halmashauri au mahakamani, ukiwa na hiyo stakabadhi.

Naweza kuvua ndani ya hifadhi?
Hapana, isipokuwa uwe na kibali cha mamlaka ya hifadhi husika. Katika Ziwa Victoria, visiwa vya Rubondo na Saanane ni hifadhi za taifa, na maji yaliyo ndani ya mipaka yake yanalindwa pia. Ukiwa na shaka kuhusu mpaka, uliza BMU ya mwalo wa karibu kabla ya kutega.

Je, Serikali inaweza kufunga uvuvi kwa muda?
Ndiyo, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Ziwa Tanganyika, kwa mfano, lilifungwa kwa miezi mitatu kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Matangazo ya namna hii hutolewa kupitia redio na ofisi za uvuvi, kwa hiyo yafuatilie kabla ya kununua zana mpya.

USALAMA

Kambare anachoma kwa masharubu?
Hapana, masharubu yake ni laini na hayana sumu. Kinachojeruhi ni miiba miwili migumu iliyo kwenye mapezi ya kifuani, mmoja kila upande nyuma ya kichwa. Mlaze kambare kwenye kitambaa kilicholowa, mshike kwa nguvu nyuma ya miiba hiyo, kisha toa ndoano kwa koleo badala ya vidole.

Nikichomwa na mwiba nifanye nini?
Osha jeraha mara moja kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha lifunike kwa kitambaa safi. Nenda kituo cha afya kama mwiba umevunjikia ndani, jeraha limevimba au linatoa usaha, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Usipake tope, mafuta ya taa wala majivu.

Na ndoano ikiingia mwilini?
Usiirudishe nyuma kwa kuivuta, kwa sababu kijino chake kitachana nyama. Kata uzi, izuie ndoano isicheze, na uende kituo cha afya ili itolewe na mtaalamu. Iliyoingia jichoni au karibu na jicho isiguswe kabisa. Funika bila kukandamiza na uwahi hospitali.

Nina desturi ya kubana machubwi ya risasi kwa meno. Kuna madhara?
Yapo. Risasi, ile metali laini inayotengenezewa machubwi, ni sumu inayojikusanya mwilini kidogo kidogo, na huwadhuru zaidi watoto na wajawazito. Tumia koleo, nawa mikono kabla ya kula, na usiyeyushe risasi jikoni au mahali watoto wanapocheza.

Nivue vipi usiku bila kujiweka hatarini?
Usivue peke yako, na usisimame ndani ya maji au kuchutama ukingoni mahali panapojulikana kuwa na mamba. Simama hatua kadhaa nyuma, sehemu iliyoinuka. Epuka njia za viboko, zile zilizokanyagwa kutoka majini hadi kwenye majani, kwa sababu usiku hutoka kula na hushambulia anayewazibia njia ya kurudi. Mwambie mtu wa nyumbani mahali unapokwenda na saa ya kurudi, ili usipotokea atoe taarifa kwa BMU au polisi kwa namba 112.

Mtumbwini je?
Vaa jaketi la kujiokolea muda wote, si kulikalia, kwa kuwa chombo kinapopinduka hakuna nafasi ya kulivaa. Katika Ziwa Victoria dhoruba nyingi huja usiku na alfajiri, saa zile zile za kutega na kuinua migonzo. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kutoka, na ukiona mawingu mazito na umeme, rudi nchi kavu hata kama zana bado ziko majini.

Kichocho kinahusiana vipi na uvuvi wa kambare?
Kambare haambukizi kichocho. Ugonjwa huu hutokana na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu anayekanyaga maji ya kina kifupi. Vaa mabuti ya mpira, usijisaidie majini, na ukiona damu kwenye mkojo au choo, au ukiumwa tumbo kwa muda mrefu, nenda ukapimwe, kwa kuwa dawa ya kutibu ipo.

UVUMI NA UKWELI

Kambare anayeonekana akitambaa nchi kavu ni wa kishirikina?
Anachofanya ni sehemu ya maumbile yake. Juu ya mashavu yake ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa, na ngozi yake ikiwa na unyevu anaweza kuishi nje ya maji kwa saa nyingi. Dimbwi linapokauka husukuma mwili kwa miiba ya kifuani kutafuta maji mengine, na ndipo watu wanapomkuta njiani usiku wa mvua.

Kwa kuwa hukaa kwenye tope, je, ni sumu kumla?
Kambare aliyevuliwa kwenye maji safi na kupikwa vizuri ni chakula bora chenye protini nyingi. Epuka samaki kutoka kwenye mifereji ya maji taka, machimbo yanayotumia zebaki au karibu na viwanda, kwa kuwa kemikali huweza kubaki kwenye nyama. Wapo wasiomla kwa sababu za imani zao, hasa kwa kuwa hana magamba, na uamuzi huo unastahili kuheshimiwa.

Utupa ni mmea wa asili. Basi samaki wake ni salama?
Wengi huamini hivyo kwa kuwa mmea huo umetumika tangu zamani, lakini utupa ni sumu, na huua vifaranga, mayai na wadudu wanaoliwa na samaki bila kuchagua. Kuvua kwa sumu ni kosa, iwe ya mmea au ya dukani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya hofu ya viuatilifu vilivyotumika kuvulia, na hasara ikawafikia hata wavuvi wasiohusika.

Nikiwaona watu wanaovua kwa sumu au kokoro, nifanye nini?
Usiwakabili peke yako. Kumbuka mahali, saa na alama za chombo, kisha toa taarifa kwa BMU, Afisa Uvuvi au kituo cha polisi, ukiomba jina lako lihifadhiwe. Kama umekuta samaki wengi wakielea bila sababu inayoonekana, usiwaokote wala kuwauza, na uwaonye majirani wasichote maji hapo hadi wataalamu watakapokagua.